Tableti ya dada inaweza kuwa skrini ya pili ya laptopu? Kebo nimenunua na imekataa

“Habari fundi. Niko Kondele hapa Kisumu, nafanyia watu hesabu za maduka na chama, kazi yote nafanyia nyumbani na laptopu ya ex-UK ya inchi 14, RAM giga 8, Windows 10. Shida yangu ni skrini. Siku nzima nazunguka kati ya risiti za kodi za eTIMS na Excel, nafungua hii nafunga ile mpaka juzi nikaingiza namba ya duka la mtu kwa hesabu ya mwingine. Dada yangu aliniachia tableti yake ya Android ya inchi 10, iko na miaka kama minne, ni ya waifai tu haina laini. Kijana mmoja town akaniambia ninunue kebo ya taipu C kwenda HDMI, nimenunua 1,200, nimeunganisha tableti na laptopu na hakuna kitu inaonesha. Nikajaribu kubonyeza Windows na K, inatafuta tu haipati. Sasa nimesikia kuna programu za kutumia waifai lakini naogopa zitamaliza bando juu natumia hotspoti ya simu. Je, hii tableti inaweza kuwa skrini ya pili kweli ama ninunue tu monita ya mtumba? TV tuko nayo ya inchi 32 lakini jioni ni ya watoto. Ningependa pia kuandika juu ya tableti na kalamu, nitie tiki kwa risiti. Ah, na kitu kingine, mgongo wa tableti umeinuka kidogo upande mmoja lakini inafanya kazi vizuri tu.”

Dadangu, umeuliza vizuri, lakini lile jambo kubwa kuliko yote umelitaja mwisho kabisa, kama mtu anayekumbuka chumvi wageni wakiwa tayari mezani. Mgongo wa tableti kuinuka upande mmoja. Wacha tuanze hapo, maanake kama ni kile ninachoshuku, hayo mengine yote yangoje kwanza.

Betri ya tableti si chuma kigumu kama mawe ya tochi, ni mfuko mwembamba wa foili uliofungwa pande zote na ndani kuna kemikali ya majimaji. Ikizeeka, au ikizoea kukaa imejaa huku iko moto, ile kemikali inaanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi haina pa kwenda, kwa hivyo mfuko unafura kama chapati ikiwa kwenye kikaango. Ukifura unasukuma mgongo, ama unasukuma kioo. Na tableti itaendelea kuwaka vizuri tu, ndio maana watu wanadharau. Niliwahi kuletewa moja imefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli ati isiendelee kufunguka, mwenyewe alikuwa anaichaji hivyo usiku kwa kitanda anacholala na mtoto, na alikuja kwangu kuuliza kuhusu chaja.

Sasa fanya hivi. Izime, toa kava, ilaze chali juu ya meza ya kioo ama sakafu ya tailisi, uiguse pembe moja polepole. Tableti nzima hulala tuli. Iliyofura inacheza, na ukiisukuma kidogo inazunguka kama pia. Kama ni klipu tu zilizofunguka siku ilianguka, utaona mwanya uko pale pembeni ilipogonga lakini mgongo wenyewe bado ni bapa, kama ni betri mgongo una tumbo. Ukiona tumbo usiichaji tena hata mara moja, usiifinye ati irudi, usitoboe, usiiweke karibu na jiko. Ipeleke kwa fundi wa simu mkono kwa mkono na umwone akibadilisha hiyo betri. Muulize ile ya zamani anaipeleka wapi, akikuambia anaitupa kwa takataka za kuchomwa basi tafuta mwingine. Mimi niko Nakuru na hii siwezi kukupimia kwa maandishi, lazima mtu aishike.

Haya, tuseme iko sawa ama betri imeshabadilishwa. Turudi kwa kebo.

Yule kijana wa town sidhani alitaka kukula pesa, ni kosa ambalo hata wauzaji wengi wanalo. Mtu anaona tundu la HDMI kwa laptopu, anaona tundu la taipu C kwa tableti, anafikiri kebo yenye vichwa hivyo viwili itamaliza maneno. Lakini picha ina mwelekeo. HDMI ya laptopu yako inatoa picha, haipokei. Taipu C ya tableti nayo, kama inajua mambo ya picha kabisa, inatoa, na tableti nyingi za bei ya kawaida hata hiyo haziwezi, tundu ni la chaji na data basi. Kwa hivyo ulichofanya ni kama kuunganisha mifereji miwili kwa paipu moja, fungua yote utakavyo hakuna ndoo itajaa. Hakuna kitu umeharibu usijali. Ziko tableti chache zilizotengenezwa na tundu la kupokea, mfano Lenovo Yoga Tab 13 ya 2021 ilikuja na tundu dogo la HDMI la kuingiza picha, lakini ukiwa nayo ungejua maanake huo ndio ulikuwa wimbo wa tangazo lake. Kuna pia vidude vya kunasa picha, unachomeka HDMI upande mmoja na USB upande wa pili, tableti inaona laptopu yako kana kwamba ni kamera. Inafanya kazi kwa Android nyingi, na iPad zenye taipu C nazo ziliruhusiwa kuanzia iPadOS 17 mwaka wa 2023. Lakini picha inachelewa kidogo na ukigusa kioo laptopu haina habari, sasa mimi siwezi kukushauri utoe pesa tena kwa hiyo.

Windows na K ni hadithi ileile kwa njia ya hewa. Hiyo njia inaitwa Miracast, ilitoka 2012, na ukiibonyeza laptopu inaenda kutafuta kifaa kinachosikiliza, yaani kinachokubali kupokea picha. TV nyingi za kisasa zinasikiliza. Tableti ya kawaida ya Android haisikilizi, yenyewe imezoea kuwa ndiyo inayorusha kwenda kwa TV. Samsung waliweka uwezo wa kupokea kwenye Tab S7 na zile za S zilizofuata, kuna kitufe kinaitwa “Second Screen”, ukikiwasha ndio Windows na K inaipata. Wenye Mac na iPad wao wana Sidecar tangu 2019 na hawana haja ya kusoma hii yote. Yako ya miaka minne ya inchi 10 nadhani ni ya kundi la kawaida, kwa hivyo kutafuta bila kupata si kosa lako.

Inayobaki ni programu. Na hapa nataka uelewe inavyofanya kazi ndani kabla hujaiweka, kwa sababu ukielewa hutanilaumu ikiwa nzito, na pia utajua uweke nini upande gani.

Tableti nyingi za inchi 10 za aina hiyo zina nukta 1280 kwa 800, yaani kama milioni moja. Kila nukta rangi yake inabebwa na biti 24. Ukitaka kuonesha picha mara 60 kwa sekunde bila kupunguza kitu, hiyo ni karibu biti bilioni 1.5 kila sekunde. Kebo ya USB 2.0 mwisho wake kwa karatasi ni milioni 480, na waifai ya simu yako kwa maisha ya kawaida iko chini ya hapo. Haipiti. Sasa programu inafanya ujanja ambao wewe kama mtu wa hesabu utauelewa haraka kuliko wengi. Ukimpigia mwenye duka jioni kumpa hali ya stoo humsomei bidhaa zote mia tatu kila siku, unamwambia tu kilichobadilika, sukari zimetoka mbili, unga umeingia mzigo mmoja, mengine kama jana. Laptopu inafanya hivyo. Inaangalia skrini ya pili, inachukua kilichobadilika, inakifinya kiwe kidogo, inakituma, na tableti inakifungua na kukichora.

Kwa hivyo Excel iliyotulia, PDF, WhatsApp ya kusoma, hizo ni kama siku ambayo duka halijauza kitu, hakuna cha kutuma na picha inakaa safi. Lakini ukiweka video ya YouTube kwa tableti ni kama duka lote limebadilika mara thelathini kwa sekunde, laptopu inaanza kupiga feni, tableti inapata joto, na sauti inakuja kabla mdomo haujafunguka. Kusogeza ukurasa haraka pia utaona unakatakata. Maus ukiipeleka upande wa tableti utaisikia iko nyuma ya mkono wako kidogo, kuna watu hilo linawaudhi sana na kuna wengine baada ya siku mbili hawalioni tena. Mimi ni wa lile kundi la kwanza nakuambia ukweli, kwa hivyo unaweza kunipunguzia alama hapo.

Kuhusu bando, hofu yako naisikia karibu kila wiki na nusu yake ni kweli. Laptopu na tableti zikiwa kwa hotspoti moja, picha inatoka laptopu inaenda kwa simu na simu inaipitisha kwa tableti. Haiendi kwa mlingoti. Ni kama kutoka jikoni kwenda sebuleni kupitia korido, hulipi nauli. Kampuni ya simu inahesabu tu kile kinachotoka nje ya nyumba. Ukitaka kuamini kwa macho yako, zima data ya simu na uache hotspoti ikiwaka, kwa simu nyingi skrini ya pili itaendelea kama kawaida na bando lako halisongi hata kidogo.

Nusu iliyo kweli ni hii. Ukiunganisha laptopu na tableti kwa hotspoti yenye data, vyote viwili vinafurahi kwamba vimepata intaneti na vinaanza shughuli zao kimyakimya, Windows inashusha masasisho, Play Store inasasisha programu ishirini za dada yako ambazo wewe hata huzitumii. Hizo ndizo zinakula bando halafu lawama inaenda kwa skrini ya pili. Ingia kwa Settings ya Windows, gusa hiyo waifai, washa palipoandikwa “metered connection”. Kwa tableti ingia Play Store uzime kusasisha kwenyewe. Halafu ufute zile programu za dada.

Programu ninayowaanzishia watu ni Spacedesk. Ina pande mbili, kubwa inawekwa kwa laptopu ya Windows na ndogo inawekwa kwa tableti kutoka Play Store. Ya laptopu ichukue kwa tovuti ya wenyewe tu, usichukue kwa flashi ya mtu wala kwa link ya Telegram, maanake hii ni kitu inaingia ndani kabisa kwa mfumo na inaona kila kitu unachofungua, na wewe unabeba hesabu za watu. Jambo lingine, ni bure kwa matumizi ya mtu binafsi lakini kwa kazi ya biashara wenyewe wana leseni yao ya kulipia. Kazi yako inalipwa, kwa hivyo jaribu kwanza uone kama inakufaa halafu usome masharti yao, usije ukasema fundi hakuniambia. Na kwa vile uko Windows 10, ujue Microsoft walisimamisha masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo mambo ya kuokota programu ovyo ndio usiyaguse kabisa.

Ukishaweka zote mbili, hakikisha laptopu na tableti ziko waifai moja. Fungua ya tableti, itakuonesha jina la laptopu yako, liguse. Isipoonesha, mara nyingi ni ukuta wa usalama wa Windows (firewall) unazuia, yaani umeiambia Windows kwamba hiyo hotspoti ni mtandao wa watu wote. Nenda kwa mipangilio ya hiyo waifai uibadilishe iwe “Private”, kisha jaribu tena. Ikishika, bonyeza Windows na P uchague “Extend”. Watu wengi wanaachia ile ya kurudufu, wanaona skrini mbili zenye kitu kimoja, wanasema haina maana. Halafu kwa Display settings utaona mastatili mawili, shika la tableti uliburute likae upande ambao tableti iko mezani kwako kweli, la sivyo maus itakuwa inatokea ukutani. Maandishi yakiwa madogo ongeza ukubwa wa ile skrini peke yake, asilimia 125 ama 150. Ikiwa nzito, ndani ya programu ya tableti kuna mahali pa kupunguza ubora wa picha na idadi ya picha kwa sekunde, shusha mpaka itulie. Kwa Excel hutaona tofauti.

Waifai ya mkahawa ama ya chuo usihangaike nayo kwa hii kazi, nyingi zimewekwa hivi kwamba vifaa havionani hata kama vimeingia mtandao mmoja, na hata vingeonana usingetaka risiti za wateja wako zipite hapo.

Njia ambayo mimi naipenda zaidi ni kebo ya USB ya kawaida, ile ya kuchaji, kutoka laptopu kwenda tableti. Spacedesk inakubali hivyo kwa Android. Kuchelewa kwake ni kudogo kuliko kwa waifai na jirani akiwasha waifai yake haikusumbui, maanake waifai ile ya gigahezi 2.4 ina chaneli tatu tu ambazo hazigongani na kwa ploti yenye nyumba kumi na mbili mnagawana hizo hizo. Lakini kebo iwe ya data. Kebo nyingi za bei ya chini zina waya mbili tu za umeme ndani, zile mbili za data hawakuweka, unachomeka inachaji vizuri na laptopu haioni kitu. Ukichomeka na tableti isikuulize habari ya kuhamisha faili, shuku kebo kabla hujashuku kitu kingine.

Usitarajie pia hiyo kebo iijaze tableti. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa wati 2.5, la USB 3.0 wati 4.5, na tableti yenye skrini inawaka saa zote inaweza kula hapo hapo ama zaidi, kwa hivyo chaji inaweza kushuka polepole hata ikiwa imechomekwa. Ni kawaida. Punguza mwanga wa skrini. Na stima ikipotea kumbuka sasa betri ya laptopu inalisha watu wawili. Mchana wa Kisumu unaujua mwenyewe, toa kava, usiiweke dirishani juani, na kama tableti ina ile nafasi ya kuzuia chaji isipite asilimia 80 ama 85 iwashe. Joto na kujaa muda wote ndizo zilizoleta ile chapati tuliyozungumzia juu.

Sasa nikuulize wewe swali. Ni nini hasa unataka kionekane kwa tableti?

Nimesoma ujumbe wako mara mbili na naona risiti. Unasoma risiti ya PDF, unaandika namba kwa Excel. Kama ni hivyo, hauhitaji skrini ya pili, unahitaji karatasi ya pili. Tableti tayari ni kompyuta kamili inayojua kufungua PDF yenyewe, hakuna haja ya laptopu kuichora, kuifinya, kuituma, ili tableti ifungue kitu ambacho ingekifungua peke yake bila jasho. Peleka faili za risiti kwa tableti asubuhi, kwa kebo ama kwa Quick Share ambayo ipo pia ya Windows, tengeneza folda moja kwa kila duka, na fungua folda ya duka moja tu kwa wakati. Laptopu inabaki na Excel skrini nzima. Unakuza risiti kwa vidole viwili, unasogeza kwa kidole kimoja, hakuna kuchelewa, hakuna feni, hakuna leseni. Na ile shida ya kuchanganya namba za maduka inatibiwa hapo hapo, maanake ilitokana na madirisha kumi kufunguliwa mahali pamoja, na skrini ya pili ingekupa tu nafasi ya kufungua ishirini.

Ukihitaji kunakili kitu kama namba ndefu ya ankara kutoka tableti kwenda laptopu, kuna KDE Connect, ni ya bure na inakubali Windows na Android. Unanakili kwa tableti, unabandika kwa laptopu. Tangu Android 10 programu hairuhusiwi kuchungulia ulichonakili ikiwa nyuma ya pazia, kwa hivyo utagusa kitufe cha kutuma kwenye arifa kila mara. Ni mguso mmoja zaidi lakini ni bora kuliko kuandika tarakimu kumi na tisa kwa macho.

Skrini ya pili ya kweli uitumie siku ambayo vitu viwili lazima viwe ndani ya laptopu, mfano tovuti ya kodi ya iTax upande mmoja na kitabu cha Excel upande mwingine, ama Excel mbili unazolinganisha mstari kwa mstari. Na hata hapo jaribu kwanza Windows na mshale wa kushoto, dirisha linachukua nusu ya skrini, lingine unalipeleka kulia. Inchi 14 ni finyu lakini watu wengi wanakuja kwangu hawajawahi kujua hiyo kitu ipo.

Monita ya mtumba je? Tupige hesabu, hii ni lugha yako. Skrini ya inchi 10.1 ina upana wa kama sentimita 22 na kimo kama 14. Monita ya inchi 22 ina upana wa karibu 49 na kimo 27. Si mara mbili kama namba zinavyodanganya, ni mara nne na nusu kwa eneo. Haichelewi, haili chaji ya tableti, haina programu. Kama unakaa kwa hiyo kazi saa sita saba kila siku, mimi nikiwa wewe ningeweka pesa kidogo kidogo ninunue monita na tableti iendelee kuwa karatasi yangu ya risiti. Ukienda kununua beba laptopu yako, iunganishwe na iwashwe mbele yako kwa dakika kama kumi na tano, weka ukurasa mweupe mtupu uone kama kuna madoa ama mstari, kisha mweusi mtupu. Mwenye duka akikataa hiyo, ondoka. Monita haikufai kama kila siku unahama, leo kwa mteja kesho nyumbani, hapo tableti inashinda kwa sababu inaingia kwa mkoba.

Kalamu nitapita haraka. Zile kalamu za kichwa cha mpira zinafanya tu kile kidole chako kinafanya, kioo hakijui tofauti, ukilaza mkono kitaandika mkono. Kwa kutia tiki na kuzungushia namba inatosha kabisa, fungua PDF kwa programu ya tableti yenyewe uandike hapo. Kalamu inayosikia nguvu ya mkono, kama S Pen ama Apple Pencil, inahitaji tableti iliyoundwa na vifaa vyake ndani, huwezi kuinunulia tableti ambayo haikuzaliwa nayo. Kwa hiyo usidanganywe dukani kwamba hii inaingiliana na zote.

Na ile kebo ya 1,200 usiitupe. Angalia laptopu yako kama nayo ina tundu la taipu C, na kando ya tundu kama kuna alama ndogo ya herufi D na P zimeshikana ama alama ya radi. Ikiwepo, tundu hilo kwa kawaida linatoa picha, na kebo yako sasa ina kazi, kichwa cha taipu C kwa laptopu, kichwa cha HDMI kwa TV. Isipokuwepo, kebo ya HDMI kwa HDMI itafanya kazi hiyohiyo kutoka kwa lile tundu lingine. Watoto wanaenda shule saa ngapi? Kuanzia hapo mpaka warudi una skrini ya inchi 32 iliyokaa bure. Kaa mbali nayo kidogo, mita moja na nusu hivi, maanake TV nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768 tu na ukikaribia sana herufi zinaonekana kama zimechongwa kwa panga. Kingo za Excel zikikatwa, tafuta kwa menyu ya TV mahali pa ukubwa wa picha uchague “Just Scan” ama “PC”. Fanya lile jaribio la meza ya kioo leo kabla hujachaji, halafu kesho asubuhi jaribu TV na siku moja ya hesabu za chama, uniandikie iTax ilikaa upande gani.